Muziki wa Baroki wa Chumbani kwa Ala za Zama Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Uholanzi, na jioni nyingi za majira ya baridi huwa napanga viti kanisani kabla ya maonyesho ya muziki huu. Mimi si mpigaji, mimi ni msikilizaji mwenye mikono ya kubeba viti. Lakini ndugu wa nyumbani na marafiki wa huku huniuliza maswali yaleyale kila mara, ndiyo maana nimeona niyaandike mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili. Mengine yamenikokota.

Baroki ndiyo nini?

Ni jina la kipindi cha sanaa ya Ulaya, tangu karibu 1600 hadi 1750. Neno limetoka kwenye Kireno, barroco, yaani lulu iliyopinda, ile ambayo sonara huhangaika kuipanga kwenye mkufu. Walioanza kulitumia kwa muziki walikuwa wanausimanga kwamba umejaa madoido na haueleweki. Masimango yakageuka jina.

Huenda umeshausikia bila kuambiwa. Kama umewahi kusimama kanisani kwaya ikiimba Haleluya ya Handel, huo ni muziki wa baroki. Umo ndani ya Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Handel na Johann Sebastian Bach walizaliwa mwaka mmoja, 1685, nchi moja, na hawakuwahi kuonana. Watunzi wengine utakaosikia wakitajwa sana ni Corelli na Vivaldi wa Italia, Marais na Couperin wa Ufaransa, Purcell wa Uingereza, na Telemann wa Ujerumani, ambaye kalamu yake haikujua kupumzika.

Mbona unaitwa wa chumbani?

Usicheke. Waitalia walisema da camera, wa chumbani, kuutofautisha na wa kanisani na wa tamthilia. Ni muziki wa watu wachache, wawili hadi sita au saba, kila mmoja na sauti yake peke yake, na hakuna wa kusimama mbele akipunga fimbo. Wanatazamana, wanavuta pumzi pamoja, wanaanza.

Chumba chenyewe kilikuwa cha namna nyingi. Corelli alipiga Roma kwenye kasri la Kardinali Ottoboni. Wengine walipiga sebuleni kwao baada ya chakula. Na kule Leipzig kulikuwa na mkahawa wa bwana Zimmermann: Bach aliliongoza kundi la wanafunzi lililopiga hapo kuanzia 1729, na majira ya baridi walikutana Ijumaa usiku, saa 2 hadi saa 4. Mimi niliyekulia kando ya baraza ya kahawa sikuhitaji kuelezwa zaidi. Buli lipo, vikombe vipo, mabishano yapo, na mwenye fidla naye yupo.

Ala za zama zake maana yake ni ala kuukuu?

Mara nyingi hapana. Nyingi ni mpya kabisa, zimetengenezwa kwa kufuata vipimo vya ala zilizohifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho. Hapsikodi, ala ya vibonyezo kama piano, unayoiona jukwaani huenda ina umri mdogo kuliko mpigaji wake.

Na ala kuukuu kweli huenda isiwe tena ya zama zake. Hapa watu hushangaa. Fidla za Antonio Stradivari wa Cremona, aliyefariki 1737, zinajulikana dunia nzima, lakini karibu zote zilipasuliwa na kutengenezwa upya baadaye. Kumbi zilikuwa kubwa na watu wakataka sauti kubwa. Shingo ikang'olewa, ikawekwa ndefu zaidi na kuinamishwa nyuma, na ufito wa ndani unaobeba kifua ukabadilishwa ukawekwa mnene. Ukisikia Stradivari leo kwenye okestra kubwa, unasikia kifua cha karne ya 18 chenye shingo ya karne ya 19. Fidla ya baroki iliyotengenezwa mwaka jana inaweza kuwa karibu zaidi na ile aliyoijua Stradivari mwenyewe.

Dalili za kuzitambua ukiwa umekaa kitini: fidla haina kile kiegemeo cha kidevu, kwa sababu kilibuniwa karibu 1820 na mpiga fidla Louis Spohr. Selo, ile kama fidla kubwa ya kupigwa umekaa, haina mguu wa chuma chini. Mpigaji huibana kwa vigimbi vya miguu. Filimbi ya kupulizwa ubavuni ni ya mti na ina kibonyezo kimoja tu.

Ni kweli nyuzi ni za utumbo wa paka?

Paka hahusiki. Ni utumbo wa kondoo, na siku hizi wa ng'ombe pia. Huoshwa, hukwanguliwa, husokotwa ukiwa mbichi, hukaushwa ukiwa umevutwa, kisha husuguliwa hadi ulainike. Nyuzi za besi zilianza kuzungushiwa waya mwembamba katika karne ya 17, ili uzi utoe sauti nzito bila kuwa mnene kama kamba ya mbuzi.

Uzi wa utumbo huchakaa kwa kuota nywele. Nimemwona mpigaji wa selo, nyuma ya pazia, dakika tano kabla ya kuingia, akinyoa uzi wake kwa kikata kucha. Huo ndio utunzaji wenyewe.

Sauti inatofautianaje na ya ala za kisasa?

Watu wengi watakuambia ni ndogo. Ni kweli, lakini jibu hilo halijafika kwenye kiini.

Sikiliza upinde. Upinde wa kisasa ulipata umbo lake mwishoni mwa karne ya 18, kwa mkono wa François Tourte wa Paris: umebonyea ndani, una nguvu mpaka nchani, na kazi yake ni kushikilia sauti ndefu isiyotetereka tangu mwanzo wa mvuto hadi mwisho. Upinde wa baroki umenyooka au umebinuka nje kidogo, na ncha yake ni nyepesi. Ukiuvuta, sauti huzaliwa, hunenepa, halafu hujifia yenyewe. Kuna upenyo kati ya noti na noti. Ndiyo maana muziki huu ukipigwa vizuri unasikika kama mtu anayesema, mwenye konsonanti na irabu, mkazo kwenye silabi moja na wepesi kwenye ya pili, wakati kwa ala za kisasa noti zilezile husikika kama mtu anayeimba irabu tupu.

Watu wa zama hizo walilijua hilo na waliliandika. Johann Joachim Quantz, mwalimu wa filimbi wa mfalme Friedrich wa Prussia, alitoa kitabu mwaka 1752 ambamo anamlinganisha mpigaji na mtoa hotuba: kazi ya wote wawili ni kuingia ndani ya mioyo ya watu.

Hapsikodi nayo ina tabia yake. Ukibonyeza, kijiti huinuka na ncha ndogo hudona uzi. Zamani ncha hiyo ilichongwa kutoka unyoya wa kunguru, leo mara nyingi ni plastiki. Ukibonyeza kwa hasira au kwa huruma, sauti ni ileile. Kwa hiyo mpigaji wake hujifunza kudanganya sikio kwa wakati: huchelewesha noti punje moja ili ionekane nzito, au huitanua koodi, yaani noti kadhaa za pamoja, noti kwa noti ili ionekane laini. Bartolomeo Cristofori wa Firenze, alipobuni piano karibu 1700 kwa kuweka nyundo mahali pa unyoya, alikuwa anatafuta dawa ya jambo hilohilo.

Basso continuo ni kitu gani? Mbona inatajwa kila mahali?

Kwa sababu ndiyo uti wa mgongo. Tafsiri yake ni besi isiyokatika. Mtunzi huandika mstari mmoja wa chini, na juu yake huweka tarakimu: 6, 7, 4 na 3. Tarakimu humwambia mpigaji wa hapsikodi au wa teobo, luti yenye shingo ndefu, ni koodi gani ijengwe hapo. Ijengwe vipi, kwa vidole vingapi, imwagike au idondoke, hiyo ni shauri yake. Mkono wa kulia wote hubuniwa papo hapo.

Ndiyo maana sonata ya watatu hupigwa na watu wanne: fidla mbili, selo, na hapsikodi. Sauti zilizoandikwa ni tatu, na ya tatu ina wapigaji wawili.

Nilielewa hili usiku mmoja wa Januari. Sonata ya Corelli imeshika moto, uzi wa kwanza wa fidla ukakatika, tak! Fidla akaganda. Mama wa hapsikodi hakuganda. Aliirudia besi ileile, selo akamfuata, na mkono wake wa kulia ukaanza kutunga kiimbo ambacho Corelli hakukiandika, polepole kwanza, baadaye na madoido ya kuchokoza. Mwenzake akafunga uzi mpya, akakaza, akajaribu kwa kidole karibu na sikio, akaitikia kwa kichwa. Wakarudi wote kwenye karatasi kana kwamba mambo yalipangwa hivyo. Uzi mpya wa utumbo haukubali kutulia. Ukawa unashuka kila baada ya mistari miwili, naye anaukaza katikati ya mapumziko ya noti. Makofi ya usiku ule yalikuwa ya mama wa hapsikodi.

Kilichoandikwa ni nusu. Hata mstari wa fidla, hasa kwenye sehemu za taratibu, mtunzi wa Kiitalia aliuacha mtupu makusudi akitegemea mpigaji autie nakshi. Anayepiga noti zilizoandikwa peke yake, bila kuzidisha wala kupunguza, kwa desturi ya wakati ule hajamaliza kazi.

Mbona wanatumia muda mwingi kutyuni?

Utumbo ni ngozi ya kiumbe: unakunywa unyevu. Watu mia mbili wakiingia na makoti yenye mvua, nyuzi zinabadilika. Taa ikiwaka, zinabadilika tena. Hapsikodi hutyuniwa kabla ya onyesho na mara nyingi tena wakati wa mapumziko. Johann Mattheson, mwandishi wa Hamburg wa karne ya 18, alitania kwamba mpiga luti akifika miaka 80, 60 kati yake ameitumia kutyuni. Nikiwaza fidla ya utumbo Mombasa mwezi wa Aprili, naona Mattheson alikuwa mpole.

Kwa nini kila kitu kinasikika chini kidogo?

Sikio lako ni zima. Okestra za leo hutyuni noti iitwayo la (A) kwenye mitetemo 440 kwa sekunde. Makundi ya baroki mengi hutumia 415, karibu nusu toni chini. Zamani hapakuwa na kipimo kimoja. Ufaransa walikuwa chini zaidi, na leo muziki wao hupigwa kwenye 392; Venisi walikuwa juu; na mji mmoja uliweza kuwa na kipimo cha kanisani na kingine cha chumbani. 415 ni mapatano ya karne ya 20, na sababu mojawapo ni ya uvivu wenye akili: hapsikodi inaweza kutengenezwa vibonyezo vyake visogezwe hatua moja kando, ikahama kutoka 415 hadi 440 bila kugusa uzi hata mmoja.

Nilisikia koodi moja tamu sana na nyingine kama imeoza. Walikosea?

Huenda hawakukosea. Kwenye piano ya leo umbali kati ya noti zote 12 umelinganishwa, maana yake kosa dogo limegawiwa kila mtu sawa. Zamani waligawa kwa upendeleo. Kwenye mfumo wa karne ya 17 uitwao mintoni, baadhi ya koodi hukaa safi sana, karibu bila mtikisiko, na gharama yake yote husukumiwa kwenye koodi zisizotumika sana. Ukiigusa koodi hiyo, inalia, na wanamuziki wa Ulaya huiita mbwa mwitu. Mafundi wa baadaye, kama Andreas Werckmeister aliyeandika mwaka 1691, walimfuga mbwa mwitu huyo, na kila ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaiegemea, ukabaki na rangi yake.

Wapenzi wa taarabu asilia hawapati tabu na jambo hili. Anayesikiliza udi na kanuni anajua kwamba kuna sauti zinazokaa katikati ya vibonyezo vya piano.

Udi na luti ni ndugu?

Ndugu wa damu. Luti ni al-ud ya Waarabu iliyoingia Ulaya kupitia Hispania na Sisilia, ikabaki na jina lake lililokatwa kichwa. Ulaya waliifunga vifundo vya utumbo shingoni ili vidole vijue pa kukanyaga, wakaacha kidonoo, kile kijiti cha kudonolea nyuzi, na kutumia vidole. Kwa Kiarabu kidonoo cha udi huitwa risha, yaani unyoya, na hapo ndipo unapokumbuka unyoya wa kunguru ndani ya hapsikodi.

Teobo ni luti iliyorefushwa shingo ili ibebe nyuzi za besi. Ni ndefu kuliko watu wengi. Ukimwona mtu kwenye treni ya Utrecht amekumbatia kasha linalogusa dari, mpishe.

Ile nyingine inayofanana na selo, yenye nyuzi sita au saba na vifundo shingoni, ni viola da gamba, na selo si ndugu yake wa karibu. Upinde wake hushikwa kiganja kikitazama juu.

Nani aliufufua?

Arnold Dolmetsch, fundi na mpigaji aliyefariki 1940, alianza kutengeneza ala hizi tena na akaanzisha tamasha Haslemere, Uingereza, mwaka 1925. Wanda Landowska wa Poland aliirudisha hapsikodi jukwaani, ingawa yake ya Pleyel ilikuwa na fremu ya chuma na ukubwa wa piano. Bach angeitazama mara mbili. Shule ya Basel, Schola Cantorum, ilifunguliwa 1933. Mwaka 1953 Vienna, Nikolaus Harnoncourt, mpiga selo, na mkewe Alice, mpiga fidla, waliunda Concentus Musicus. Harnoncourt na Gustav Leonhardt wa Uholanzi walizirekodi kantata za kanisa za Bach kati ya 1971 na 1990, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema ni mchezo wa watu wachache. Leo mafundi wako mbali na Ulaya pia: Bach Collegium Japan ya Masaaki Suzuki ilianza 1990.

Kwa hiyo huu ndio muziki halisi, kama ulivyopigwa wakati ule?

Hapana, na ogopa anayekuahidi hivyo. Mwanazuoni Richard Taruskin wa Marekani alilipinga dai hilo kwa ukali kuanzia miaka ya 1980: alisema tunachokiita cha kale ni ladha ya karne ya 20, nyepesi na ya haraka, iliyovalishwa kanzu ya zamani. Nadhani alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Bado nikisikia selo ya utumbo ikipumua kati ya noti mbili, sihitaji cheti cha uhalisi.

Watunzi wote walikuwa wanaume?

Wengi, lakini si wote. Élisabeth Jacquet de La Guerre alipiga mbele ya Louis XIV tangu utotoni, na mwaka 1707 alichapisha sonata za fidla ambazo zinapigwa hadi leo. Barbara Strozzi wa Venisi alichapisha vitabu kadhaa vya nyimbo za chumbani kati ya 1644 na 1664.

Kuna kitu chetu ndani ya ala hizi?

Mpingo. Filimbi nyingi za zamani zilikuwa za mti wa boksi, lakini nakala nyingi za leo, na klarineti na obo nyingi za kisasa, ni za mpingo unaotoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito unaozama majini, na unachukua miongo mingi kukomaa. Uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, ingawa ala zilizokamilika zilisamehewa vibali mwaka 2019. Pembe za ndovu hazikusamehewa: mwenye ala ya zamani yenye pembe anahitaji karatasi kabla ya kuvuka mpaka, vinginevyo ataiacha forodhani.

Nianze na nini?

Anza na kinachochekesha. Heinrich Biber aliandika Battalia mwaka 1673: askari walevi wanaimba nyimbo tofauti kwa wakati mmoja, na besi huwekewa karatasi kwenye uzi ili isikike kama ngoma ya vita. Halafu sonata zake za Rozari, ambamo fidla hutyuniwa upya karibu kila sonata, na katika ile ya Ufufuko nyuzi mbili za katikati hupishana kama msalaba.

Kisha Marin Marais, kipande cha kengele za kanisa la Sainte-Geneviève, 1723: besi ya noti tatu tu inazunguka bila kuchoka huku fidla na viola da gamba zikifanya kila ujanja juu yake. Mtu aliyezoea ngoma atakielewa kabla ya dakika kuisha. Marais huyohuyo mwaka 1725 alichapisha kipande kinachosimulia upasuaji wa jiwe la kibofu, na maneno ya kila hatua yameandikwa chini ya noti. Usikisikilize wakati wa kula.

Bach mwache mpaka sikio lizoee, kisha chukua sonata ya watatu iliyomo katika Sadaka ya Muziki ya 1747.

Nipige makofi lini?

Pinde zikishuka. Ukiwahi, hutakuwa wa kwanza.

Mwanangu yuko Kenya, shule imemtaka rekoda. Inahusiana na haya?

Inahusiana moja kwa moja. Rekoda ni ala ya baroki. Telemann na Handel waliiandikia sonata, na Bach aliiweka kwenye konseto mbili za Brandenburg. Kwa hiyo ile filimbi ya plastiki inayokuumiza kichwa jioni ni mjukuu wa ala ya kifalme.

Ila angalia kabla hujalipa. Kuna aina mbili za vidole: baroki, na ya Kijerumani iliyobuniwa miaka ya 1920 ili noti moja iwe rahisi kwa wanaoanza. Urahisi huo hulipwa baadaye, noti nyingine zinapokataa kukaa sawa. Igeuze rekoda uone kama ina herufi nyuma: B ni ya baroki, G ni ya Kijerumani. Kama haina, hesabu matundu ya mbele kutoka juu: la nne likiwa dogo kuliko la tano, ni ya baroki. La tano likiwa dogo, mrudishie muuzaji.